Ruhusa Kumi na Moja za Sugondo

Sugondo Wignyopranoto, fundi wa taipureta wa mji wa Klaten, kisiwani Java, ni mwana wa Wignyopranoto, yule aliyezianika redio kumi na tisa za mtaa mzima juu ya tanuri la matofali baada ya mafuriko, na kumi na nane zikasema tena. Huyo Wignyopranoto ni mwana wa Kromopawiro, aliyekuwa akitengeneza karabai za kiwanda cha sukari enzi za Waholanzi. Wajapani walipokuja na mafuta ya taa yakaadimika, Kromopawiro akawakatia watu vibatari vya mafuta ya nazi kutoka kwenye makopo ya maziwa, na hakumtoza mjane hata mmoja. Sugondo mwenyewe, kwa miaka thelathini na minne, alizitengeneza taipureta za mahakama, za shule, za polisi na za ofisi ya tarafa. Herufi ya K ya ofisi ya ndoa ilipovunjika mguu, aliichonga upya kutoka kwenye kichwa cha msumari. Wenye vyeti vya ndoa vyenye K iliyoinama kidogo wajue hiyo ni kazi ya mkono wake. Nayaandika haya kwa sababu vijana wa siku hizi wakimwona na fulana yake iliyotoboka wanamdhania mtu wa hivi hivi tu.

Alimwoa mdogo wangu, Sukarti. Tunaishi ua mmoja. Mlango wa jiko langu unatazamana na wa jiko lao, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Alipostaafu, taipureta zilikuwa zimeshakufa kila mahali. Ofisi ya tarafa ikamuaga kwa kumpa kompyuta yao kuukuu, ya mwaka tisini na nane, yenye sanduku la rangi ya meno ya mvuta sigara. Akaiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani, Sukarti akaifumia kitambaa cha kuifunika, nayo ikawa kitu cha kuonyeshea wageni.

Mtoto wao ni mmoja, Endarwati. Mwaka elfu mbili na mbili alikwenda Taiwan kumhudumia mzee asiyeweza kuinuka kitandani. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, pasipoti ikakaa kwa mwajiri, na mapumziko yalikuwa siku moja kwa mwezi: Jumapili ya kwanza. Mwaka wa pili akamkabidhi mwanamke wa Klaten aliyekuwa anarudi nyumbani kamera ndogo, ukubwa wa yai la bata, na karatasi mbili za maelezo alizoziandika kwa mkono. Yeye angekwenda kwenye duka la kompyuta karibu na stesheni ya kule, wao wangekaa sebuleni, wangeonana. Basi. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi hivyo.

Haikuwa na haraka mpaka mwezi wa sita wa mwaka elfu mbili na nne. Sukarti alikuwa na sukari miaka mingi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zamani, la kulia lilikuwa limechomwa miale mara mbili. Siku ile daktari alilitazama, akazima taa yake ndogo, akasema, "Mama Sukarti, tulichoweza kufanya tumeshafanya. Hili linaweza kukaa mwaka. Linaweza kukaa miezi mitatu. Likivuja damu kwa ndani, ndiyo imetoka hiyo."

Njiani kurudi hakulia. Alisema tu, "Nataka nimwone Endar kabla."

"Una picha zake kabatini, tele," nikamwambia.

"Picha za karatasi! Zote amesimama kama askari anasubiri kukaguliwa. Nataka nimwone anavyotikisika."

Kulikuwa na duka la intaneti mjini, ghorofani, juu ya stendi ya mabasi. Ngazi zake ni kama za kupandia mnazi, na mguu wa Sukarti ulikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Sugondo alimwambia angembeba mgongoni. "Nibebwe kama gunia la mchele mbele ya watoto wa sekondari?" akasema Sukarti. "Bora nisione." Na mimi nilikuwa upande wake. Hatukulelewa kubebwa.

Kwa hiyo ilibaki kompyuta ya sebuleni, na Jumapili moja kwa mwezi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba Sukarti alivaa blauzi yake ya kebaya ya maua, akajipaka poda. Saa nne kamili Sugondo akaiunganisha na laini ya simu, ikalia ule mlio wake wa paka aliyekanyagwa, kisha ikanyamaza, dalili kwamba imekubali. Neno likatokea kwenye kioo: *Mama?* Sugondo akabonyeza kamera. Kioo kikatoa kisanduku chenye maandishi, naye akatusomea: nguvu za mfumo zimepungua mno, funga baadhi ya programu.

"Zipi?" nikauliza.

"Sijafungua kitu zaidi ya hiki, Mbakyu." Ananiita hivyo, dada mkubwa, ingawa ananizidi miaka miwili; nafasi yangu kwa mke wake ndiyo inayohesabika.

Akabonyeza kufunga. Mshale ukagoma. Akasubiri. Neno *Mama?* likabaki pale pale kama bango. Nusu saa nzima tulitazama neno moja. Hatimaye simu ya nyumbani ikalia baada ya kuchomoa waya, alikuwa Endar na kadi yake ya dakika saba. Sukarti akaongea naye, na alipoweka mkono wa simu chini akasema, "Sauti ninayo kila mwezi," akaenda kufuta poda.

Kesho yake Sugondo akalifungua sanduku. Alitandika gazeti sakafuni, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa kama alivyokuwa akifanya na taipureta za mahakama. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, na mayai mawili ya mjusi, makavu. Akasafisha kwa brashi ya rangi. Akachomoa vile vipande viwili vya kumbukumbu, virefu kama kidole cha shahada, akavisugua meno yake ya shaba kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa. Kumbukumbu, alinieleza, ndiyo meza ya kazi ya mashine: kila inachofanya lazima ikitandaze pale juu kwanza. Meza ikijaa, hakuna pa kuweka kingine.

Akaiwasha. Inapoamka huhesabu kumbukumbu yake yenyewe, tarakimu zinakimbia kama mita ya teksi. Ikahesabu zote, megabaiti sitini na nne.

"Meza ipo nzima," akasema. "Kuna mtu ameijaza."

Akafungua kidirisha kinachoonyesha kilichobaki. Mashine ndiyo kwanza imeamka, hakuna aliyeigusa, na ilikuwa imebakiwa na asilimia kumi na tisa.

"Imeamka imechoka," nikasema.

Hakucheka. Alikuwa anatazama kona ya chini ya kioo, pale penye saa. Kulikuwa na vipicha vidogo vidogo vimejipanga. Akavihesabu kwa ncha ya bisibisi. Kumi na moja.

Vyote vilikuwa zawadi. Mtu wa mtaa wetu akipata kitu kizuri kwenye disketi alikuja nacho, akapewa chai, akakiweka, na hakuna aliyewahi kukataliwa, kwa sababu mgeni hakataliwi alichokuja nacho mkononi. Titik, mpwa wake Sugondo, aliweka kasuku anayeruka kioo kizima na kutaja saa. Vijana wa msikiti waliweka adhana. Shemeji yake wa Delanggu aliweka samaki wa kuogelea. Kulikuwa na kamusi mbili za mtu mmoja aliyesahau kwamba ameshaleta ya kwanza. Kalenda ya siku za soko, ile ya siku tano tano tunayotazamia siku njema ya kuoa na kujenga, ilikuwa yangu mimi. Niliitaka na ikawekwa. Na kipicha cha mwisho, cha ngao nyekundu, kilikuwa mlinzi wa virusi, aliyewekwa na mwenyekiti wa mtaa, Bwana Muryadi, Pak Muryadi kama tunavyomwita. Kila kimoja kiliamka pamoja na mashine na kujitandaza mezani, kitumike kisitumike.

"Basi vifute," Sukarti akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Vitu vya watu?"

"Vitu vya watu juu ya meza yako!"

"Titik akija akakuta kasuku hayupo, nitamwambia nini?"

"Mwambie ameruka."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Lakini namjua shemeji yangu. Jioni ile alioga, akavaa shati lake la batiki la harusini, akachukua sahani ya tempe, vipande vya soya vilivyokaangwa, iliyofunikwa jani la mgomba, akatoka kwenda kuomba ruhusa. Nyumba kwa nyumba. Ruhusa kumi na moja.

Mtu wa mbali atasema huu ni wazimu. Kwetu si wazimu. Kitu ulichopewa kwa heshima huwezi kukitupa mgongoni mwa aliyekupa, kisha ukakutana naye kisimani na kumchekea. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu sikumzuia mapema, kosa ambalo nimelibeba pamoja naye.

Titik alimpokea mlangoni na mtoto kiunoni. "Mjomba, umevaa batiki! Kuna msiba?"

"Hapana, mwanangu. Ni kuhusu kasuku."

"Kasuku gani?"

Ilibidi amkumbushe. Titik akacheka mpaka mtoto akaanza kulia, lakini Sugondo hakuinuka mpaka alipopata neno lenyewe, nimekuruhusu, na glasi mbili za chai.

Vijana wa msikiti hawakucheka. Kiongozi wao alisema kuiondoa adhana nyumbani mwa mtu ni jambo la kujadiliwa, na kikao chao ni Alhamisi. Alhamisi wakajadili. Wakaruhusu, kwa sharti kwamba atundike ratiba ya swala ukutani, nao wakaileta wenyewe na misumari.

Alipofika kwangu, hatua kumi kutoka kwake, alibisha hodi mlango wa mbele.

"Sugondo, pita jikoni kama watu."

"Leo nimekuja kwa jambo, Mbakyu."

Nilijua jambo lenyewe. Nikamkalisha. Nikasema kalenda ile nimeizoea, macho yangu hayaoni tena ile ya ukutani. Nilisema hivyo, mimi, mbele ya mume wa mtu anayepofuka. Alikunywa chai yake, akaenda zake, akarudi baada ya siku mbili na sahani nyingine, ndipo nikasema ndiyo.

Mpaka mwezi wa nane unaingia alikuwa na ruhusa nane, na kile kidirisha kikasoma arobaini na sita. Jumapili yake Sukarti alikaa tena na poda yake. Mlio wa paka, ukimya, neno. Sugondo akabonyeza kamera, na picha ikaja.

Ilikuja kwa kushuka, mstari baada ya mstari, kama pazia linaloteremshwa. Tuliona dari yenye taa nyeupe, ukuta wa samawati, halafu nywele za mtu, halafu kipande cha paji la uso. Sukarti aliinuka na mguu wake mbovu, akasogeza jicho la kulia mpaka karibu liguse kioo.

Kioo kizima kikawa buluu, na maandishi meupe.

"Nimeona nywele," akasema Sukarti. "Sugondo, rudisha. Nimeona nywele tu."

Hakurudisha. Aliizima, akaiwasha, ikachukua dakika kumi kuamka, na kule dukani zamu ya Endar kwenye kiti ilikuwa imeshakwisha.

Sugondo aliamua kwamba aliyesababisha ni mlinzi wa virusi. Alikuwa na ushahidi: ile ngao nyekundu peke yake ilikula karibu sawa na wale wengine wote. Ruhusa mbili alizipata wiki ile ile. Iliyobaki ni ya Pak Muryadi, na Pak Muryadi alikuwa amekwenda Sumatra kwa mwanawe aliyepata mtoto wa kwanza, na asingerudi mpaka katikati ya mwezi wa tisa.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Mwenyekiti wa mtaa? Nimwombe kwenye simu, yuko kwenye sherehe ya mjukuu?"

"Basi izime siku moja. Jumapili ikipita, iwashe."

"Mbakyu, mtu yule alikaa kwenye kiti hiki saa tatu akiiweka. Hata chai hakunywa, ilipoa mbele yake. Nimzime kwa siri kama mwizi wa kuku?"

"Na mke wako?"

Akaangalia chini. "Ni mwezi mmoja tu."

Jumapili ya mwezi wa tisa mashine iligoma kabla hata ya neno kutokea. Sukarti alikaa mbele ya kioo kitupu mpaka saa sita na nusu, mikono mapajani. Titik alipita kusalimu, akamwona alivyokaa, akarudi bila kuingia. Mwezi ule mmoja sijausamehe. Sisemi nani sijamsamehe.

Pak Muryadi alirudi na mifuko ya kahawa ya Sumatra. Sugondo akavaa batiki, akabeba sahani, nami nikamfuata maana nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

"Ile ngao nyekundu?" Pak Muryadi akasema huku akifungua jani la mgomba. "Bado unayo? Mimi kwangu niliifuta mwaka jana! Inakula mashine ile, Sugondo, inakula kama nguruwe. Si ungeifuta tu?"

Sugondo akasema, "Asante kwa ruhusa, Pak."

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja mezani, bado na batiki yake.

Akaifuta. Kidirisha kikapanda mpaka sabini na nane. Akafungua kamera kuijaribu, akajiona mwenyewe kwenye kioo na fulana yake, akatabasamu. Dakika ya nne kioo kikawa buluu.

Hapo ndipo alipofanya kile ambacho angekifanya mwezi wa saba kama asingekuwa anazunguka na sahani za tempe. Alichomoa kipande kimoja cha kumbukumbu, akaiacha mashine na kile kingine peke yake. Ilifanya kazi kutwa, polepole kama mgonjwa, lakini haikufa. Akabadilisha. Na kile cha pili peke yake, buluu baada ya dakika tisa. Akarudia mara tatu, akiandika kwenye daftari. Kipande cha pili kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Mashine ilikuwa inakihesabu kama kizima, lakini kila kazi ilipofika upande ule wa meza iliangukia kwenye shimo. Kumfukuza kasuku kulisaidia, sikatai. Lakini kasuku na adhana na kalenda yangu vyote pamoja havikuwa ugonjwa.

Na kwa kipande kizima kimoja, kamera ilikataa kabisa kuwaka.

Akapanda basi kwenda Yogyakarta, kwenye soko la mashine kuukuu. Mara tatu alikwenda. Wauzaji walimcheka. "Mzee, kumbukumbu ya namna hii? Peleka makumbusho, watakupa cheti." Mmoja alimuuzia kipande ambacho hata kwenye tundu hakikuingia, pengo lake lilikuwa mahali pengine. Safari ya tatu akampata mama mmoja mwenye bati la biskuti limejaa vipande, wakavipekua wote wawili kama watu wanaochambua mchele, mpaka wakapata kimoja chenye umbo lile, cha mia na ishirini na nane. Alikileta kifuani ndani ya leso.

Mashine ikakihesabu sitini na nne.

Akampigia yule mama. Akaniambia alichojibiwa: "Kipande ni kizima, mzee. Ni mashine yako ndiyo haikusoma, imeishia darasa la kwanza. Nusu ya pili haiioni na haitaiona." Hata hivyo, kile kizima cha zamani na nusu hii mpya vilizidi alichokuwa nacho mwanzo. Jumatano akaiwasha na kamera ikiwa wazi, akaiacha. Alhamisi ilikuwa hai. Ijumaa ilikuwa hai, kioo kinaonyesha kiti kitupu cha sebuleni na watu wakipita. Alikula wali wake pale mbele, sahani magotini. Sijamwona na furaha ile tangu siku alipoichonga ile K.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, asubuhi, Sukarti aliniita nimchane nywele. Tangu tukiwa wasichana hajawahi kuniruhusu kugusa nywele zake, anasema navuta. Nikamchana. Poda alikuwa ameshajipaka, nene shavu moja, hakuna shavu la pili. Nikaisawazisha kwa kidole, sikuuliza. Nilijiambia ana wasiwasi.

Saa nne. Mlio, ukimya, neno. Picha ikateremka, mstari kwa mstari, haikusimama. Paji, nyusi, macho, mdomo. Endar mzima, na nyuma yake watu wa Taiwan wanapita. Alitikisa mkono, na mkono ukatikisika kwa vipande vipande, lakini ukatikisika.

"Mama! Mama, unaniona?"

Sukarti alikuwa amekaa wima kabisa, uso ameuelekeza juu kidogo ya kioo. "Nakuona, mwanangu. Umenenepa."

Endar alikuwa mwembamba kama ufito. Mifupa ya shingo ilikuwa imetoka. "Mama jamani! Nimepungua kilo saba!"

"Kamera ya baba yako hii inanenepesha watu," Sukarti akasema, na Endar akacheka, na Sugondo akacheka. Sugondo alikuwa ameinamia kidirisha chake. "Sitini na moja," ananiambia kwa sauti ya chini. "Sitini. Sitini na moja. Imekaa, Mbakyu. Imekaa."

Waliongea karibu nusu saa. Endar alileta mkate wa mvuke, akauma mbele ya kamera kumfurahisha mama yake, na Sukarti akamwambia atafune polepole. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilikuwa nasema moyoni, ni jicho moja tu, anageuza shingo ili aone vizuri.

Halafu Endar akainua vitambaa viwili vya kichwa, kimoja mkono huu, kimoja mkono ule. "Nataka nikutumie, Mama. Chagua. Hiki au hiki?"

"Hicho," akasema Sukarti.

"Kipi?"

Endar akavitikisa. "Mama? Kipi?"

"Anasema cha kijani," nikasema.

"Mama mkubwa, mwache aseme mwenyewe!" Endar akacheka.

"Cha kijani," akasema Sukarti. "Kinanifaa."

Sugondo akageuka kutoka kwenye asilimia zake. Alimtazama mke wake kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatazama mahali jicho lake lilipoelekea, ukutani, kwenye ratiba ya swala. Aliketi hivyo hivyo mpaka Endar alipoaga na picha ikakatika, na mashine ikabaki inavuma, nzima, haina kosa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Jana alfajiri," akasema Sukarti. "Ilikuja kama wino umemwagika kwenye ndoo ya maji. Mwanzo nyuzi nyuzi, halafu yote."

"Mbona hukusema?"

"Ungenikimbiza hospitali. Jumapili ingepita." Akapapasa meza mpaka akapata kile kitambaa alichokifuma, akakikunja. "Na ulikuwa unafurahi."

Jumatatu walikwenda. Daktari hakuchukua muda. Walirudi wameshikana mikono, jambo ambalo watu wa umri wetu hatulifanyi barabarani, na sikusikia mtu akicheka.

Sugondo alinifuata jikoni siku ya tatu, mlango wa nyuma, na fulana yake. Nilikuwa namenya vitunguu. Akakaa kwenye kigoda, akavitazama vidole vyake.

"Bado miezi minane ya mkataba," akasema. "Akijua atakimbia, na pasipoti iko kwa mwajiri. Asijue."

"Hatajua."

"Mimi siwezi, Mbakyu. Nikikaa pale natazama namba, hata nisipotaka. Nimemtengenezea dirisha mtu ambaye..." Akaanza upya kwa sauti ya kazi, ile aliyokuwa akiwaambia nayo makarani namna ya kuifunika taipureta. "Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja uje saa tatu na nusu. Kiti chako nitakiweka kulia kwake, nje ya kamera, nimeshapima. Mdomo wako uwe sikioni mwake. Akiinua kitu, sema ni kitu gani na rangi gani kabla hajauliza. Akivaa koti, sema. Akiwa anacheka na macho yamevimba, sema yamevimba."

"Nikiona amekonda zaidi? Nimwambie amenenepa?"

"Hapana. Sukarti aambiwe kweli tupu. Tunayemdanganya ni Endar peke yake, na huyo nitamwomba radhi mwenyewe akirudi." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na ubane kikohozi chako. Kitasikika mpaka Taiwan."